Kisiwa Kile Jana Kilikuwa Wapi?

Ukitoka mjini Kisumu kuelekea kusini, muda si mrefu utafika ufuo wa Dunga, ambapo harufu ya samaki wa kukaangwa hukulaki kabla ya wenyeji. Nilikuwa huko na mpwa wangu wa kidato cha pili, mzaliwa wa Nairobi ambaye Ziwa Viktoria alilijua kwa ramani tu. Asubuhi ya pili alinishika mkono.

"Mjomba, kile kisiwa jana kilikuwa wapi?"

Kweli, palipokuwa na maji matupu jioni sasa palikuwa na kisiwa cha kijani kibichi, ndege weupe wametua juu yake.

"Hicho hutembea," alijibu mzee mmoja mvuvi aliyekubali kututembeza kwa mashua yake. "Babu zetu walisema kuna kinachokivuta."

Mpwa wangu hakukubali, na ubishi ukaanza pale pale. Kijana alikuwa na hoja. Mafunjo hufungamana mizizi kama mkeka unaoelea, na maji yakipanda au dhoruba ikivuma, kipande hukatika kikapeperushwa na upepo. Gugu maji nalo hufanya hivyo hivyo. Moshi mweusi unaoonekana mbali ziwani ni mabilioni ya wadudu wadogo wasiouma. Na Lukwata je, yule nyoka mkubwa wa maji anayesimuliwa na Waganda? Mwaka 1913 Charles Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika habari zake kwa uzito, akitaja Mwingereza aliyedai kumwona karibu na Mlima Homa. Mimi nadhani yule bwana aliona fisi maji. Wakiogelea wakifuatana, migongo yao huibuka na kuzama kama nyoka mmoja mrefu.

Mzee alisikiliza yote akiendelea kuchota maji yaliyoingia chomboni.

"Sawa, ni mafunjo," akasema. "Na nyavu zangu zilizokokotwa na mafunjo hayo, nani atanilipa?"

Hapo nilikuwa upande wake. Tarehe 14 Aprili 2020, mwaka ambao ziwa lilifurika kupita kiasi, kisiwa kama hicho kiliziba mitambo ya bwawa la umeme la Nalubaale, Jinja. Uganda nzima ikawa gizani. Ni majani na udongo tu, lakini nchi ilizimika.

Tulikuwa tumekaribia ukingo wa kisiwa mpwa wangu alipoonyesha kitu cheusi majini, mbele yetu kidogo.

"Na lile ni gogo," akasema, bado amejaa ushindi.

Mzee hakumjibu. Alizima injini, akashika kasia na kuanza kuturudisha nyuma polepole. Gogo likatikisa masikio, likapumua kwa kishindo, kisha likazama. Kiboko huweza kukaa chini ya maji kama dakika 5 hivi, na ndani ya mashua ya mbao dakika hizo ni nyingi mno. Mpwa wangu alikuwa amekumbatia jaketi lake la kujiokoa, macho kwenye mapovu.

Aliibuka mbali, upande wa mafunjo.

"Kijana wangu," mzee akasema akiwasha injini, "tutazunguka."

Tulizunguka, na petroli ya ziada nikailipa mimi.