Karakhana ya Gumegume Mjini Williamsburg

Wazee wetu wa pwani waliiita bunduki ya gumegume, kwa ajili ya lile jiwe gumu linalobanwa kwenye mtambo wake, likapigwa juu ya chuma lipate kutoa cheche. Jina limesalia katika makamusi na vinywani mwa wachache. Chombo chenyewe, wengi wetu tumekiona nyuma ya vioo vya makumbusho tu, kimelala na kutu yake. Hatukutaraji kukiona kikizaliwa, tena mbali na kwetu, katika mji mdogo wa Williamsburg, jimbo la Virginia, nchini Marekani.

Tulikuwa watatu: sisi ndugu wawili na Mamkubwa wetu, mzaliwa wa Lamu, binti wa sonara. Tulikwenda kuwazuru jamaa wanaoishi karibu na Washington, na kutoka huko mwendo wa gari ni wa saa tatu hivi kuelekea kusini. Jua la kiangazi cha Virginia, kwa taarifa ya wanaodhani kuwa Marekani yote ni baridi, lina jasho lile lile la Mombasa wakati wa kaskazi.

Williamsburg ulikuwa mji mkuu wa koloni la Virginia kuanzia mwaka 1699 hadi 1780. Serikali ilipohamia Richmond, mji ulisinzia kwa karibu miaka 150. Mnamo 1926 kasisi mmoja wa mji huo, W. A. R. Goodwin, alimshawishi tajiri John D. Rockefeller mdogo atoe mali yake ili nyumba za kale zitengenezwe na zile zilizobomoka zijengwe upya. Leo barabara yake kuu, Duke of Gloucester, yenye urefu unaokaribia maili moja, haipitiwi na magari mchana. Hupita farasi na mikokoteni, na wafanyakazi wake huvaa kama walivyovaa watu wa karne ya 18. Wanawake huvaa magauni marefu yanayogusa ardhi na kofia za kitambaa zinazofunika nywele, basi mabuibui yetu hayakumshangaza mtu. Mtalii mmoja alituomba picha, akidhani kuwa sisi nasi ni sehemu ya maonyesho.

Lakini usafi wa barabara hiyo usituhadae. Katika miaka iliyotangulia vita vya uhuru wa Marekani, zaidi ya nusu ya wakaazi wa mji huu walikuwa watu weusi, na takriban wote walikuwa watumwa. Wao ndio waliopika, waliofua, waliobeba maji na kuni, na baadhi yao walifanya kazi za ufundi ambazo sifa zake ziliandikwa kwa majina ya mabwana zao. Wasimulizi wa mji huu siku hizi hawalifichi jambo hilo, nasi tuliwashukuru kwa hilo.

Tulipofikia mlango wa karakhana ya bunduki, Mamkubwa alisimama. "Nyumba ya bunduki mimi siingii, wanangu," alisema. "Ingieni nyinyi, mukimaliza mutanikuta." Hatukumshurutisha. Mmoja wetu alifuatana naye hadi nyumba ya uchapaji, na safari hiyo fupi haikuwa hasara. Ilikuwa katika afisi ya gazeti la Virginia Gazette, mjini humo humo, mwaka 1765, ambapo kijana mmoja mwanafunzi wa sheria alinunua tafsiri ya Qur'ani kwa Kiingereza, kazi ya George Sale, katika juzuu mbili. Kijana huyo alikuwa Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa tatu wa Marekani. Nakala yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, na mwezi wa Januari 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, aliitumia katika sherehe ya kiapo chake. Mamkubwa alilipokea jambo hilo kwa furaha kuliko yote aliyokuwa ameyaona tangu asubuhi. Vile vile alipendezwa na habari za Clementina Rind, mjane aliyeshika kazi ya kuchapisha gazeti katika mji huo baada ya mumewe kufariki mwaka 1773, akaliendesha kwa jina lake mwenyewe hadi mauti yalipomfika mwaka uliofuata.

Turudi karakhanani. Sauti ndiyo inayomlaki mgeni kwanza: nyundo juu ya fuawe, na mvukuto ukipumua. Mafundi hapa huunda bunduki nzima kwa mkono, kwa zana na njia za karne ya 18. Maarifa hayo yalikuwa yamekaribia kupotea kabisa. Katika miaka ya 1960 fundi Wallace Gusler, aliyeiongoza karakhana hii, aliyakusanya tena kwa kuzichunguza bunduki za kale na kujaribu kila hatua kwa mikono yake, mpaka akaweza kuunda bunduki kamili kwa njia za wazee wa kazi hiyo. Ilipigwa filamu ya kazi yake, na wako waliojifunza ufundi huu kwa kuitazama tu.

Mtutu ndio kazi nzito. Hauchongwi wala haumiminwi. Fundi huchukua bamba refu la chuma, akalipasha moto na kulikunja polepole hadi kingo zake mbili zikutane na kuwa kama mwanzi. Kisha huupasha tena, safari hii hadi chuma kiwe cheupe na kianze kurusha cheche, akapenyeza fimbo ya chuma ndani na kuupiga upesi ili kingo hizo zishikane. Fimbo hutolewa mara moja, la sivyo itashikana na mtutu na kazi yote iwe bure. Moto mmoja huunga inchi mbili tatu tu. Mtutu wenyewe una urefu unaozidi mita moja. Hesabuni, wasomaji, ni mara ngapi mafundi hawa huurudia moto ule, mmoja akishika na mwenzake akipiga, bila ya maneno mengi, kwani chuma hakingoji mazungumzo. Mahali pamoja pasiposhikana vyema panatosha mtutu kupasuka usoni mwa mwenye nao. Ndiyo maana hujaribiwa kwa baruti nyingi kupita kipimo cha kawaida, watu wote wakiwa wamesimama mbali.

Mtutu ukishaungwa, ndani yake hukwanguliwa kwa chuma kirefu chenye ncha ya pembe nne, na ncha hubadilishwa kila mara kwa nyingine iliyozidi kidogo upana. Ili kujua kama umenyooka, fundi hupitisha uzi ndani yake, akauvuta ukakaza, akatazama kuelekea dirishani. Uzi ukiachana na chuma mahali, hapo ndipo palipopinda, na hapo hupigwa nyundo. Baada ya hapo hukatwa michirizi inayojipinda ndani ya mtutu, saba au minane, ambayo huifanya risasi izunguke na kwenda sawa. Kila mvuto wa kikwaruzio huondoa chuma chembamba mithili ya unywele, na fundi huvuta mamia kwa mamia. Tulimtazama akivuta kwa muda wa nusu saa, na hatukuona tofauti yoyote. Yeye alikuwa akiiona.

Mtambo una siri yake. Wengi hudhani cheche hutoka kwenye jiwe. Kinyume chake, jiwe ndilo linalokwangua vichembe vya chuma, na vichembe hivyo ndivyo vinavyowaka na kuangukia baruti iliyo katika kisahani kidogo ubavuni mwa mtutu. Kwa hiyo kibao kinachopigwa na jiwe lazima kiwe kigumu sana usoni. Hufungiwa katika kisanduku pamoja na makaa ya ngozi na mifupa, kikapashwa moto kwa saa nyingi, kisha kikazamishwa majini. Springi nazo zina adabu nyingine: zikishagumishwa hupashwa tena taratibu huku fundi akitazama rangi ya chuma ikigeuka kutoka ya majani makavu hadi zambarau, kisha buluu, na kwenye buluu hiyo huitoa. Akikawia italegea, akiharakisha itakatika. Hakuna saa wala kipimajoto, ni jicho tu.

Mti wa kitako ni wa mepo, uliochaguliwa kwa milia yake. Ili mtambo ukae ndani ya mti pasi na mwanya, fundi huupaka masizi ya taa, akaubandika na kuubandua. Panapobaki weusi ndipo panapozuia, na hapo huchonga kidogo tena. Yule tuliyemkuta alikuwa amefanya hivyo tangu asubuhi na vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya mchuuzi wa makaa.

Hapo ndipo tulipomwona Mamkubwa amesimama mlangoni. Ilikuwa ile sauti, alituambia baadaye. Si nyundo kubwa ya kwenye fuawe, bali ile ndogo, ya kugonga kwa haraka na kunyamaza. Alitupita bila ya kutusemesha, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nakshi.

Mezani palikuwa na kifuniko cha kijaluba cha shaba, kile kinachochimbiwa ubavuni mwa kitako ili kuweka vitambaa vilivyopakwa mafuta vya kufungia risasi. Fundi, mwanamke wa makamo, alikuwa akikitia nakshi: majani yanayojikunja, mzabibu usio na mwanzo wala mwisho, na mstari mwembamba ukiyazunguka yote. Pasingekuwa na meza ile na nguo zile, tungedhani ni ruwaza ya mlango wa Lamu. Kalamu yake ya chuma alikuwa ameiweka ndani ya kiganja, akiisukuma mbele kidogo kidogo. Mkono ulioshika kalamu haukuzunguka. Kilichozunguka ni shaba, iliyolazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga.

"Marehemu baba alikuwa na mto kama huu," alisema Mamkubwa. "Ulikuwa wa ngozi ya mbuzi. Sisi watoto tulipigwa tukiukalia."

Tulimtafsiria fundi maneno hayo. Aliweka kalamu chini na kumuuliza baba yake alinakshi nini. Mamkubwa alitaja vikuku, mitali, mirashi ya maji ya mawaridi, na vijaluba vya tambuu vya fedha. Fundi alimsogezea kibati cha shaba cha kujifunzia, kilichojaa mistari ya wanagenzi, akampa na kalamu. Mamkubwa alikataa kwa mkono, kisha akaichukua. Alikata jani moja. Halikuwa zuri, na mwenyewe alilicheka, lakini kiganja chake kilikuwa kimekaa pale pale kilipokuwa cha fundi, na hakuna aliyemwelekeza.

Aliuliza zana za mafundi waliokufa huenda wapi. Fundi alijibu kuwa hupokewa na wanagenzi, na akaonyesha tupa moja iliyopita mikono mitatu. Mamkubwa hakuongeza neno. Sisi tulikuwa tukijua jibu la upande wake: baba yake alipofariki, zana zake ziliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa ratili, pamoja na sufuria zilizotoboka.

Hatutaki kumpamba bunduki huyu kupita haki yake. Uzuri wake haukumzuia kufanya kazi yake, na kazi hiyo tunaijua kwetu. Mkataba ambao Sayyid Said bin Sultan aliandikiana na Wamarekani mwezi wa Septemba 1833 uliwaruhusu kufanya biashara katika bandari zake, ila bunduki, baruti na risasi zilizoshushwa kisiwani Unguja ziliweza kuuzwa kwake yeye pekee. Katika bandari nyinginezo ziliuzwa bila ya kizuizi. Pamoja na nguo zilizoitwa merekani zikaja bunduki. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kuziacha gumegume na kushika bunduki za fataki, zile kuukuu zilisafirishwa kwa shehena kuja Afrika, zikaingia bara na misafara iliyorudi na pembe na watu waliofungwa minyororo. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 ndio uliojaribu kuifunga biashara hiyo, baada ya nusu karne na zaidi. Hizo hazikuwa na majani ya mzabibu. Zilikuwa za bei nafuu, zilizoundwa kwa harakaharaka, nyingi zikimdhuru mwenye kuzishika. Alipoyasikia haya, fundi wa mtutu alitikisa kichwa na kusema kuwa hata Virginia bunduki nyingi zililetwa kutoka Uingereza, na mafundi wa koloni kazi yao kubwa ilikuwa kutengeneza zilizoharibika.

Kwa wanaokusudia kwenda: kutembea barabarani hakuna malipo, lakini kuingia karakhanani kunahitaji tikiti, na si kila karakhana hufunguliwa kila siku, basi ulizeni mapema. Chukueni viatu vya kutembelea na maji. Sisi tulisali Adhuhuri chini ya mti, kando ya ghala la baruti lenye pembe nane lililojengwa mwaka 1715, na hakuna aliyetukera.

Usiku ule, nyumbani kwa jamaa zetu, Mamkubwa aliomba karatasi. Alitaka kumwandikia mpwa wake wa Lamu majina ya zana za baba yake, ili akiona moja dukani kwa mtu ainunue kwa bei yoyote. Aliandika fuawe ndogo, koleo la mdomo mwembamba, tupa, kalamu tatu, mto wa mchanga. Zilizosalia alizijua kwa umbo, akatuchorea. Majina yake aliyatafuta hadi tukazima taa.