Kopo Chini ya Kitanda

Kopo lilikuwa limesukumwa hadi ukutani, chini ya kitanda, nyuma ya begi la shule. Mama mmoja wa Itiryo, wilayani Tarime, alilikuta Jumamosi asubuhi akifagia chumba cha mwanawe. Lilikuwa kopo kubwa jeusi, lenye picha ya mwanaume mwenye kifua kama mlango. Ndani ulibaki unga wa vijiko vichache.

Hakuhitaji kuuliza fedha zilitoka wapi. Likizo iliyopita kijana huyo, mwenye miaka 17 na aliye kidato cha tatu, alibeba matofali wiki tatu akisema anatafuta fedha za viatu. Viatu vyake bado vilikuwa vile vile, vimeshonwa pembeni kwa uzi wa nailoni.

"Kumbe viatu umevinywa," mama alimwambia jioni.

Kijana hakukana. Alisema amechoka kuitwa fito na wenzake. Kwa miezi minne alikuwa akinyanyua vyuma nyuma ya zizi: bomba lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege.

"Mwili hauji, Mama. Wanasema bila protini unajichosha bure. Na hapa nyumbani protini iko wapi?"

Swali hilo lilimuuma mama kuliko fedha zenyewe. Usiku ule hakulala vizuri.

Jumapili mchana alimchukua mwanawe na kopo lake hadi kwa jirani yao, muuguzi wa zahanati. Muuguzi aliligeuza kopo, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akacheka kidogo.

"Mama, haya ni maziwa. Wakigandisha maziwa kutengeneza jibini, hubaki majimaji. Wanayachuja, wanayakausha, ndiyo unga huu. Kijiko chake kimoja cha kupimia kina protini kama gramu 20 au 25."

Mama alinyamaza. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, mnunuzi wa maziwa alikuwa amepita na madumu yake akachukua lita tatu, zote alizokamua. Watoto walikunywa chai ya rangi. Mayai ya kuku wake nayo huishia kwenye kibanda cha chipsi. Yaani maziwa yalitoka nyumbani kwa bei ya lita, kijana akaenda kuyanunua mengine kwa bei ya kopo.

Muuguzi alimpima kijana. Kilo 54. Akaomba karatasi.

Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito, alieleza, anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma ili ajenge misuli hufaidika hadi kufikia gramu 1.6 hivi kwa kilo. Zaidi ya hapo, misuli haiongezeki sana. Kwa kilo 54, hiyo ni kama gramu 86 kwa siku.

"Sasa niambie unakula nini na saa ngapi."

Kijana alitaja. Asubuhi chai ya rangi. Saa nane mchana ugali na maharage shuleni. Saa tatu usiku ugali na mboga za majani, dagaa mara moja moja.

Muuguzi alihesabu kwa vidole. Kutoka saa tatu usiku hadi saa nane mchana ni saa 17, na katikati yake kuna chai tu.

"Mimi nakunywa unga ndani ya nusu saa baada ya mazoezi," kijana alijitetea. "Ukichelewa, kazi yote imepotea."

"Hapana, mwanangu. Mwaka 2013 watafiti walikusanya tafiti nyingi za jambo hilo. Waliona kinachobeba uzito ni jumla ya protini unayokula kwa siku, si kukimbizana na dakika. Ukishafanya mazoezi, misuli huendelea kujijenga siku nzima au zaidi. Kwa hiyo ipe chakula mara tatu au nne kwa siku, kila mara gramu 20 hivi. Wewe unaiacha na njaa saa 17, halafu unaiwahi kwa nusu saa."

Kisha akaandika vyakula vya Itiryo hapo hapo. Kikombe cha maziwa, gramu 8. Yai moja, 6. Karanga kiganja kimoja, 7. Hicho ni kifungua kinywa cha gramu 21. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, kiganja kilichojaa, 17. Kikombe cha mtindi usiku, 8. Ugali nao usidharauliwe: gramu 300 za unga wa dona zina protini kama gramu 24. Tena maharage huikamilisha protini ya mahindi, kwa sababu yana kwa wingi kile ambacho mahindi yamepungukiwa.

Alijumlisha. Gramu 85.

"Na ugali ule ushibe," aliongeza. "Mwili ukikosa nguvu ya kutosha, huichoma protini kama kuni. Usingizi nao usiupunguze, misuli hujijenga ukiwa umelala."

Kuhusu kopo, hakulitukana. Alisema si sumu kwa mtu mwenye figo nzima, ila mengine huuzwa kiholela, bila alama ya TBS, na duniani yamewahi kukutwa makopo yaliyochanganywa dawa za homoni bila kuandikwa.

Njiani kurudi mama alikuwa akipiga hesabu nyingine. Fedha ya maziwa ndiyo sabuni, chumvi na madaftari. Akibakiza lita moja, theluthi ya fedha hiyo inaondoka. Mumewe alipoambiwa aliguna, kisha akasema lita moja ibaki, yeye ataacha soda zake za gulioni.

Asubuhi ya kwanza mama alimimina maziwa kwenye kikombe cha kijana. Binti yake wa miaka 12 alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule.

"Na mimi?"

Hakuna aliyekuwa amemhesabu. Karatasi nzima ya muuguzi ilikuwa ya kilo 54 za kaka yake, na yeye ndiye anayeota urefu mwaka huu. Kijana aliangalia kikombe chake, akakisukuma upande wa dada yake.

Tangu siku hiyo lita ile inagawanywa nusu kwa nusu: vikombe viwili kwa kila mmoja, kimoja asubuhi, kingine usiku kikiwa mtindi. Mayai manne kwa wiki hayaendi kwenye chipsi, mawili kwa kila mtoto. Siku isiyo na yai, karanga huongezwa. Dagaa hununuliwa kwa kipimo kikubwa siku ya gulio, wakakaa mwezi.

Baada ya miezi minne kijana alipimwa tena. Kilo 57. Kuna wanaomwita fito bado, lakini vyuma nyuma ya zizi vimeongezwa zege. Viatu alivinunua likizo iliyofuata, kwa matofali mengine.

Mnunuzi wa maziwa bado anapita kila asubuhi. Anaondoka na lita mbili.