"Unbwogable" kati ya namba 8 na namba 46

Miezi ya mwisho ya mwaka 2002, hukupanda matatu ya namba 8 kwenda Kibera ukashuka bila kuusikia "Unbwogable". Wenyewe ni wawili, Joseph Ogidi na Julius Owino, yaani Gidi Gidi na Maji Maji, ambao tulikuwa tumewajua kwa "Ting Badi Malo". Safari hii mtayarishaji Tedd Josiah aliwapa mdundo mzito wa studio, besi ya kutetemesha kifua, nao wakatamba juu yake kwa Kijaluo na Kiingereza kwamba hakuna wa kuwatisha. Ulikuwa wimbo wa disko na wa majigambo. Siasa ziliukuta njiani zikaubeba.

Oktoba 14 mwaka huo Raila Odinga, mbunge wetu wa Lang'ata, alisimama Uhuru Park akatangaza "Kibaki tosha", yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea urais wa upinzani. Rais Moi alikuwa anaondoka baada ya miaka 24, na upinzani uliokuwa umegawanyika uchaguzi baada ya uchaguzi ukawa kitu kimoja chini ya muungano wa NARC. Mikutano ikahitaji wimbo, na wimbo ulikuwepo.

Kinyozi wa karibu na kwetu Kibera, upande wa Makina, alikuwa na kaseti aliyoirekodi redioni. Mwanzo wake ulikuwa umeingiliwa na sauti ya mtangazaji akitaja saa, nasi tuliukariri hivyo hivyo. Mpaka leo nikiusikia mzima nahisi kuna kitu kimepungua. Jumamosi alitoa spika nje, na watoto walicheza kwenye vumbi hadi giza likaingia.

Lakini kilichonishangaza ni Kawangware. Shangazi yangu aliolewa huko na Mkikuyu, akiuza sukuma wiki na nyanya sokoni. Nilipomtembelea niliukuta wimbo ule ule ndani ya namba 46, abiria wakipiga mabati kwa viganja, na majirani zake ambao Kijaluo hawakujua hata salamu wakiitikia neno kwa neno. Mimi naamini nchi yetu ilikuwa pale, ndani ya matatu ile, kuliko ilivyokuwa kwenye katiba yoyote. Desemba 27 tulipiga kura, Kibaki akapata asilimia 62, na tarehe 30 akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa na plasta.

Haikuchukua muda. Viongozi wa NARC walianza kugombana kuhusu ahadi walizopeana, na kufikia kura ya maoni kuhusu katiba mpya ya Novemba 21, 2005, mitaa ilikuwa imegawanyika kati ya ndizi, alama ya "ndiyo" ya upande wa Kibaki, na chungwa, alama ya "hapana" ya upande wa Raila. Hakuna aliyetoa amri, lakini wimbo ulihama. Kibera uliendelea kupigwa, sasa kwa ajili ya chungwa. Kawangware nilianza kuusikia kwenye nyumba fulani tu, na ungeweza kukisia anayeishi humo ni nani. Siku moja nilikuwa nauimba kwa sauti ya chini huku nikimsaidia shangazi kufunga mafungu ya mboga. Akaniangalia, akaangalia meza ya jirani.

"Baba, huo uache kwanza. Utauimba ukifika kwenu."

Alikuwa hajawahi kuniambia kwamba kwetu si kwake.

Baada ya uchaguzi wa 2007 reli iling'olewa Kibera, nyumba zikachomwa mitaa yote miwili, na nchini kote zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Wiki zile sikusikia muziki wowote. Kinyozi alikuwa amefunga na kuondoka, na kibanda chake hakikurudi kuwa kinyozi.

Miaka imepita, na Gidi sasa ni mtangazaji wa Radio Jambo. Asubuhi yuko na Ghost Mulee, aliyewahi kuifunza Harambee Stars, na kile kipindi cha Patanisho, ambacho mtu hupigia simu kuomba arudiane na mwenzake. Shangazi hakikosi. Huweka redio juu ya meza ya mboga, na wateja husimama kusikiliza wakasahau chenji. Juzi nilimuuliza kama anajua huyo ndiye mwenye ule wimbo.

"Najua tangu siku ya kwanza," akasema. "Sauti yake nilikuwa naipenda hata wakati ule. Niliogopa majirani tu, si wimbo."

Kisha akaniashiria ninyamaze, kwa sababu mke wa yule aliyepiga simu alikuwa amepokea.