Kiu na Gharika

Katika nchi za baridi, theluji inapovunja rekodi, miji mikubwa hufunga skuli, hutoa makoleo na kumwaga chumvi barabarani. Theluji hulala chini ikangoja kuondolewa. Mgeni wetu sisi ni mvua, nayo haimngoji mtu.

Desemba 2011, Dar es Salaam ilinyeshewa mvua ambayo mfano wake haukuonekana tangu 1954. Mto Msimbazi ulifurika, Jangwani ikawa ziwa, watu wapatao 40 wakafariki. Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande na kuwagawia viwanja. Baadhi yao walirejea bondeni, maana riziki yao ya kila siku ilikuwa Kariakoo, si Mabwepande.

Kila nipitapo Kisarawe huiona gharika ile kwa jicho jingine. Msimbazi huzaliwa huko, katika vilima vya Pugu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ndiyo bawabu wa mto: jani hupokea tone, mzizi hulishika, udongo hulinywa, kisha bonde hupewa kidogo kidogo. Lakini miti mingi imekatwa kwa ajili ya mkaa. Kila gunia literemkalo mjini huacha nyuma kipara cha ardhi, na kipara hakishiki maji. Mji huupikia wali wake kwa kile kitakachouzamisha.

Kibaha nayo hunifunza somo la upande wa pili. Pale Mlandizi, mtambo wa Ruvu Juu huchota maji ya mto utokao Uluguru na kuyapeleka mjini. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipungua, maji yakatolewa kwa mgao, na mji ule ule uliozama ukapanga madumu foleni.

Basi, ndugu msomaji, kiu na gharika ni watoto wa mama mmoja. Aliyejenga Jangwani huulizwa kila masika kwa nini hahami, na swali hilo ni la haki. Lakini akaaye ghorofani, mbali na bonde, haulizwi mkaa wake umetoka kilima gani. Madaraja na mifereji itajengwa, nayo yahitajika; ila maji huanza safari yake kabla ya kufika darajani.

Nasi wa Unguja tusijione tumesalimika. Mwanakwerekwe nako barabara imepata kugeuka ziwa, na kisiwa hakina Kisarawe ya kusingizia.