Shokapu za Mbele Zilivyonifikisha Mtae

Wewe mtoto wa mjini unayejidai unazijua pikipiki kwa vile bodaboda alikutoa Sinza mpaka Posta bila kukuangusha, leo kaa kitako nikupashe. Kuna pikipiki na kuna pikipiki. Za Dar zinakimbia kwenye lami, likija shimo dereva analikwepa, mambo yamekwisha. Huko nilikotoka mimi, Lushoto, ukikwepa shimo la kushoto unakutana na jiwe, ukikwepa jiwe unakutana na korongo, na chini ya korongo kuna watu wanaishi, unaona mabati yao yanavyometameta. Huko ndiko nilikojua kazi ya shokapu ya mbele.

Nilipanda basi alfajiri kituo cha Magufuli, Mbezi. Mpaka Mombo hakuna la kusimulia. Baada ya Mombo basi linaacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kukwea, kilometa 30 na kitu za lami nyembamba, kona juu ya kona, abiria wote kimya kama wako msibani. Pale Soni kuna maporomoko ya maji karibu na barabara, na akina mama wanaleta fulisi na matunda damu mpaka dirishani. Usibishane bei sana, dereva hana muda na wewe. Ukiingia Lushoto mjini uko mita kama 1,400 juu ya bahari na baridi inakupokea kwa mikono miwili. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal. Kwa ile hewa, naelewa kwa nini Tanga ilikuwa inawachosha.

Mwenyeji wangu ni mjomba. Yeye ni bwana shamba, kazi yake kuzunguka vijijini kuangalia viazi na kabichi za watu, na usafiri wake ni XL moja kuukuu, ile Honda ndefu ya porini. Masika iliyopita ilimwangusha kwenye mteremko, mkono ukakaa kwenye plasta wiki sita. Tangu siku hiyo nyumbani kukawa na kasheshe. Anti, yaani mkewe, hataki kuiona.

"Baba watoto, uza hilo lichuma," anasema kila chai ikimiminwa.

"Nikiuza, viazi nitavikagua kwa simu?" mjomba anajibu, kisha anatoka nje.

Mimi nilidhani ni ubishi wa wazee tu, mpaka nilipokaa nyuma yake siku ya kwanza. Jamani! Kupanda mlima hakuna shida. Kasheshe ni kushuka. Ukishika breki mteremkoni uzito wote unahamia mbele, wa pikipiki, wa mjomba, na wangu mimi niliyeshiba ugali. Shokapu zinazama mpaka mwisho. Sasa zikiwa zimeshazama, lile shimo linalofuata utalipokea na nini? Unasikia "ko!" kwenye usukani, gurudumu linaruka upande linaotaka lenyewe. Ndivyo mjomba alivyoanguka. Si ulevi wala mwendo wa kasi, kama wambea wa sokoni walivyosema.

Tukampelekea fundi mmoja nyuma ya soko, kijana tu, mikono myeusi ya oili mpaka viwikoni. Aliikandamiza mara mbili akacheka: "Bwana Shamba, pikipiki yako haina mbele."

Hapa naomba utulivu, maana ndipo penye elimu. Shokapu ya mbele ni mabomba mawili kila upande, jembamba linaloingia ndani ya nene. Ndani kuna springi na oili. Springi inabeba uzito. Oili inapenya kwenye vitundu vidogo ili springi isirukeruke kama mpira wa chandimu. Juu ya oili kuna hewa imefungiwa, nayo ikibanwa inasaidia kusukuma. Basi, ni hayo tu, hakuna uchawi.

Fundi akainua gurudumu la mbele hewani, akapima urefu wa bomba linaloonekana. Akaishusha, akamwambia mjomba apande na begi lake la kazi, akapima tena. Pikipiki ya namna ile mpandaji akikaa, mbele inatakiwa ishuke kama theluthi hivi ya mchezo wake wote. Ya mjomba ilishuka nusu. Yaani kabla hajaondoka nyumbani, nusu ya shokapu imeshatumika!

Pale kijiweni kila mtu akawa profesa. Mmoja akashauri imiminwe oili nzito ya injini, ndivyo wanavyofanya wengi. Fundi akakataa. Oili nzito mno inachelewesha shokapu kurudi juu. Kwenye mashimo yanayofuatana haraka, inazama kidogo, haijarudi inazama tena, mwisho inabaki imezama, ukawa unapanda mtarimbo. Mwingine akasema kata kipande cha bomba uweke juu ya springi. Hiyo inainua pikipiki, ni kweli, lakini springi laini inabaki laini ileile, imebanwa tu.

Nami nikamtaja binamu yangu wa Sinza, aliyefunga zile shokapu za rangi ya dhahabu zilizogeuzwa, bomba nene likiwa juu. Anatesa nazo ile mbaya mbele ya saluni. Fundi hakuzidharau. Alisema ni imara kweli, hazipindi ovyo, na wanaoruka matuta kwenye mashindano wanazihitaji. Lakini ukizileta kwenye XL lazima ubadilishe chuma kinachozishika, ekseli, pengine gurudumu na breki pia. Zikiwa ndefu au fupi kuliko za mwanzo, mbele inakaa vingine na usukani unabadilika tabia. Mshiko wote huo wa nini? Mfaransa Cyril Neveu alishinda mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar, mwaka 1979, kwa Yamaha XT500 yenye shokapu za kawaida tu. Hilo nilimwambia mjomba mimi, nikaonekana msomi.

Ikaamuliwa springi mpya, ngumu kidogo, za urefu na upana wa zile za zamani. Zilisakwa Gerezani siku nne, zikapanda basi kuja Lushoto zimefungwa kwenye gazeti. Siku ya kufungua, oili ya zamani ilitoka nyeusi, nzito, inanuka samaki. Fundi akasafisha kila kitu, akaweka sili mpya, akamimina oili halisi ya shokapu. Kiasi hakukikisia. Alipima kwa rula kutoka mdomo wa bomba mpaka oili ilipo, springi ikiwa nje na shokapu imezamishwa mpaka mwisho, kulia na kushoto sawasawa. Kisha akafunga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba jembamba. Shokapu ikizama inaisukuma, ikirudi inaiacha palepale. "Hii ndiyo shahidi," akasema.

Kesho yake tukaondoka kwenda Mtae, kama kilometa 60. Tukapita msitu wa Magamba ukungu umetanda, mbega wakituchungulia na makoti yao meupe na meusi. Lukozi tukakuta Fuso zinapakia kabichi. Hizo Fuso ndizo zinazochimba barabara, halafu udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Mteremko wa kwanza nilifumba macho. Mjomba akashika breki, mbele ikazama kidogo, ikasimama. Shimo likaja. Ikalimeza, ikarudi. Wa pili nilifumbua jicho moja. Baada ya Lukozi nilikuwa natazama mashamba ya ngazi milimani kama mtalii aliyelipa dola.

Sitasema nyuma nako ni raha. Ukiimarisha mbele peke yake unagundua nyuma ilivyochoka, na anayegundua zaidi ni abiria. Mgongo wangu ni ushahidi.

Mtae imekaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyekalia kiti cha mwisho cha benchi. Mbele yako mlima umekatika, chini ni tambarare ya Mkomazi mpaka upande wa Kenya, na anga likiwa safi Kilimanjaro unaiona. Sisi tuliiona dakika kumi. Mjomba hakuitazama. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu na tochi ya simu, anakagua ile kamba ya plastiki. Ilikuwa imesimama vidole viwili kabla ya mwisho wa bomba.

Aliipiga picha, akamtumia anti. Jibu halikuja mpaka jioni: "Jumamosi nina harusi Sunga."

Jumamosi kweli, anti alitoka na vitenge vipya na kofia ngumu, akakaa nyuma, akamshika mjomba kiuno. Mimi nikaambiwa gari la Mombo linapita saa nne.