Sheria mpya kila mwaka: futiboli ya Australia inajengwa au inabomolewa?

Kuanzia msimu wa 2026, mwamuzi wa ligi kuu ya futiboli ya Australia, ile inayoitwa AFL, hapigi tena mpira chini katikati ya kiwanja ili mechi ianze. Anaurusha juu kwa mikono, basi. Kwa mtu wa Bunia au Uvira habari hii inaweza kuonekana ndogo sana. Lakini huko Melbourne kuna wazee waliolalamika kama watu walioibiwa kitu nyumbani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwamuzi alikuwa anashika mpira kwa mikono miwili, anaubamiza ardhini kwa nguvu zake zote, nao unaruka wima ili watu wawili warefu waugombee hewani. Mpira huo hauna umbo la mviringo, una umbo la yai. Kuubamiza ukapanda sawasawa ni ufundi wa miaka. Mara nyingi ulikwenda kombo, mwamuzi akalazimika kurudia, na mgongo wake ndio uliolipa. Wapo waliojua sheria zote na kukimbia vizuri, wanawake na vijana hasa, wakakwama kwenye huo mdundo peke yake. Hivyo umeondolewa.

Je, mchezo umepona au umejeruhiwa? Swali hilo Waaustralia wanaulizana kila mwaka, maana kila mwaka kuna sheria inayobadilishwa. Linafaa kusikilizwa huku pia. Familia nyingi za Kongo zina ndugu waliotoka kambi za Kakuma, Nyarugusu au Nakivale wakapelekwa Australia, na watoto wao wanaukuta mchezo huu shuleni hata kabla hawajajua Kiingereza vizuri.

Kwa asiyeujua: kiwanja ni cha duara lililorefuka, na hakina kipimo kimoja. Urefu unaweza kuwa meta 135, unaweza kufika 185. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Hakuna kuotea. Mpira unapigwa kwa mguu au unagongwa kwa ngumi, kuurusha kwa mkono hairuhusiwi. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka meta 15 au zaidi, unapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kila upande una nguzo nne: kupitisha kati ya zile mbili ndefu ni pointi 6, kukosa kidogo ukapitisha pembeni ni pointi 1. Ndiyo, kule hata kukosa kunalipwa.

Wanaosema sheria ziachwe kama zilivyokuwa wanapaswa kwanza kutaja mwaka. Sheria za kwanza ziliandikwa Melbourne tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 1859, Tom Wills na wenzake wachache wakiwa hotelini. Zilikuwa kumi tu. Hakukuwa na pointi 6 wala pointi 1, hesabu hiyo ililetwa na ligi ya Victoria mwaka 1897. Miaka miwili baadaye timu zikapunguzwa kutoka watu 20 hadi 18. Mraba wa katikati, unaozuia watu wote kujazana pale mechi inapoanza, ni wa 1975. Mchezo anaoulilia mzee leo ni ule uliobadilishwa mara nyingi kabla yeye hajazaliwa.

Lakini si kila badiliko ni sawa na jingine, na hapo ndipo mabishano ya kule yanapochanganyika.

Chukua habari ya kubadilisha wachezaji. Zamani aliyetoka alikuwa ametoka, harudi. Mwaka 1978 ligi ikaruhusu wachezaji wawili wa benchi kuingia na kutoka wanavyotaka. Nia ilikuwa nzuri, aliyeumia apumzike. Baadaye benchi likaongezwa hadi watatu, halafu wanne. Makocha hawakulala. Waligundua kwamba mtu akipumzishwa dakika chache anarudi na mapafu mapya, na ukifanya hivyo mechi nzima, timu yako inaweza kuwa kila mahali mpira ulipo. Kufika 2010 timu zilikuwa zinabadilisha watu zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Mpira ukaanza kuzungukwa na lundo la watu. Mshambuliaji aliyezoea kubaki mbele na mlinzi wake peke yao, akajikuta kati ya watu kumi.

Wakubwa wa ligi wakaweka kikomo: mara 120 mwaka 2014, mara 90 mwaka 2016, mara 75 mwaka 2021. Sheria ya kwanza ilizaa tatizo, na sheria tatu zikafuata za kulipunguza. Lundo lilipungua kidogo, halikuisha.

Mwaka 2019 wakaja na ile ya sita-sita-sita. Kila mechi inapoanza katikati, na kila baada ya goli, timu inatakiwa kuwa na watu sita nyuma, sita katikati na sita mbele. Shabaha ilikuwa kufungua nafasi ili magoli yaongezeke. Msimu huo pointi zilikuwa chache kuliko za msimu uliotangulia. Sababu si ngumu: sheria inashika sekunde za mwanzo tu. Mpira ukishaanza kutembea, kila kocha anawapeleka watu wake anapotaka.

Mwaka 2021 ikaja sheria ya kusimama. Mpinzani akidaka mpira, wewe unayemkabili unasimama pale pale, hutikisiki kushoto wala kulia mpaka mwamuzi aseme cheza. Ukisogea, unaadhibiwa meta 50, na meta 50 mara nyingi ni goli. Watu wazima wenye miili ya nguvu wakawa wanasimama kama mlingoti wa bendera, na mashabiki wakawa wanacheka au wanazomea. Magoli hayakupanda kwa kiasi cha kuonekana.

Hapa ni vigumu kuwaunga mkono wakubwa wa AFL. Sheria ya kutafuta magoli inapambana na kocha ambaye kazi yake ya kila siku ni kutafuta mlango wa pembeni, na anayeumia ni mtazamaji ambaye haelewi tena kwa nini filimbi imepigwa. Kuna jambo lingine. Katika futiboli ya kawaida, klabu za Uingereza au za Hispania haziwezi kuamka asubuhi na kubadilisha sheria ya kuotea, iko bodi ya kimataifa kwa kazi hiyo. Kule Australia, AFL inaendesha ligi, inauza haki za televisheni, na ndiyo hiyohiyo inayoandika sheria. Ni kama mwenye kuuza maharagwe sokoni awe pia ndiye anayekata kopo la kupimia. Si lazima awe mwizi, lakini wanunuzi wataliangalia hilo kopo kila siku.

Kuna badiliko moja ambalo halikuhitaji kelele. Tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 2010, fainali kati ya Collingwood na St Kilda iliisha 68 kwa 68. Sheria ilisema mechi irudiwe juma linalofuata. Wachezaji walibaki wamekaa kwenye majani, hawajui wacheke au walie. Jumamosi iliyofuata Collingwood ikashinda 108 kwa 52. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa: fainali ikiisha sare, muda unaongezwa siku hiyohiyo. Ni sheria inayoeleweka kwa sentensi moja.

Katika timu ile ya Collingwood alikuwemo Héritier Lumumba, ambaye wakati huo alijulikana kama Harry O'Brien. Alizaliwa Rio de Janeiro kwa mama Mbrazili, na upande wa baba asili yake inafika Kongo. Mwishoni mwa 2016 aliacha kucheza, sababu ikiwa madhara ya kupigwa kichwani.

Na hapa swali la sheria linageuka kabisa. Haliko tena kwenye uzuri wa mchezo.

Danny Frawley alikufa 2019. Shane Tuck alikufa 2020, akiwa na miaka 38. Heather Anderson, aliyekuwa bingwa na timu ya wanawake ya Adelaide mwaka 2017, alikufa 2022 akiwa na miaka 28. Wote watatu, ubongo wao ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikutwa na ugonjwa ambao madaktari wanauita CTE, unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Kwa mtu hai ugonjwa huo bado hauwezi kuthibitishwa.

Mwezi wa 9 mwaka 2023, Brayden Maynard wa Collingwood aliruka ili azuie mpira uliokuwa unapigwa na Angus Brayshaw wa Melbourne. Mpira ukapita. Mwili wake ukashuka, bega likampiga Brayshaw kichwani, naye akatolewa kwa machela. Baraza la nidhamu lilimwachilia Maynard, maana kwa sheria za siku hiyo hakuwa na kosa. Brayshaw hakucheza tena, na mwezi wa 2 mwaka 2024 alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 28. Kwa msimu huo wa 2024 AFL ikabadilisha: anayeamua kuruka kuzuia mpira anabeba jukumu la kule mwili wake utakakoangukia. Wapo waliosema mchezo unafanywa wa kitoto, kwamba mtu akisharuka hawezi kujigeuza hewani. Ni kweli hawezi, lakini kuruka au kutoruka anaweza kuamua, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sheria inaigusa.

Sheria ya namna hii inatofautiana na ile ya sita-sita-sita. Kocha hafaidiki kuizunguka, isipokuwa pale anapotaka mtu wake arudi uwanjani haraka. Na hilo limetokea. Aliir Aliir, mlinzi wa Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya Kakuma mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Mwaka 2021 alichaguliwa katika timu bora ya msimu ya nchi nzima. Mwezi wa 7 mwaka 2023, katika mechi dhidi ya Adelaide, aligongana kichwa kwa kichwa na mwenzake wa timu. Alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili kinachotakiwa kwa mtikisiko wa ubongo. Klabu ikapigwa faini ya dola elfu 100 za Australia, nusu yake ikiahirishwa. Sheria ilikuwepo imeandikwa, na bado mtu aliyenusurika ukimbizini aliachwa acheze mechi na kichwa ambacho hakijachunguzwa. Kama kuna mahali ambapo wakubwa wa AFL wanastahili kuongeza ukali, ni hapa, hata mashabiki wakilalamika mpaka sauti ikauke.

Kwa wachezaji wa kulipwa wa AFL, aliyepata mtikisiko wa ubongo hachezi kwa siku 12 angalau. Kwa timu za mitaa na za watoto muda huo tangu 2024 ni siku 21, na mtoto anatakiwa awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kurudia mazoezi ya kugongana. Dalili ni kama kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, kusahau, kukasirika bila sababu, kusinzia mchana. Basi ndugu akipiga simu kutoka Adelaide au Brisbane akalalamika kwamba kocha amemfungia mtoto wiki tatu wakati mwenyewe anasema amepona, aulizwe kwanza kama mtoto alipigwa kichwani, na kama amekwisha kuonwa na daktari.