Kisu cha Mangola: makali yanayotafutwa kabla ya Idd

Idd el-Hajj iliyopita nilichinja kondoo wa familia kwa kisu nilichokinunua dukani asubuhi ile ile. Kilikuwa kinang'aa, nami nikadhani kung'aa ndiyo makali. Sitayasimulia yote yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba mnyama hakupumzika upesi. Mwanangu wa miaka 12, aliyekuwa akinisaidia kumshika, aliniuliza jioni: "Baba, si ulitufundisha kwamba kisu lazima kiwe kikali?" Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimewafundisha kweli. Katika Sahih Muslim, Shaddad bin Aws (RA) amepokea kwamba Mtume (SAW) alieleza kuwa Allah ameamrisha ihsani katika kila jambo, na kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Hadithi niliihifadhi, kisu sikukinoa.

Ndiyo sababu likizo ya shule ilipofika tulifunga safari, mimi na yeye, kwenda Wilaya ya Karatu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kando ya Ziwa Eyasi wapo wahunzi wa kabila la Wadatoga wanaofua visu kwa mikono, nyumbani kwao, kama walivyofanya wazee wao.

Kutoka Arusha hadi mji wa Karatu ni kilomita zipatazo 140 za lami. Ukishapita Makuyuni na Mto wa Mbu, barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linabaki chini upande wa kushoto. Juu hali hubadilika: udongo mwekundu, mashamba ya mahindi, ngano na kahawa, na baridi inayokulazimisha kutafuta koti. Magari ya watalii hupita hapo yakielekea Ngorongoro. Sisi tulilala mjini, tukaswali Alfajiri msikitini, kisha tukaiacha njia ya watalii kabla ya lango la hifadhi na kushika barabara ya vumbi iendayo Mangola.

Njia ile inateremka huku Mlima Oldeani ukiwa upande wa kulia, na kila ukishuka joto linaongezeka. Mangola ni nchi ya vitunguu. Chemchemi zake humwagilia mashamba ya kijani katikati ya ukame. Nje ya mashamba ni vichaka vya miiba, na humo wanaishi Wahadzabe. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, kuwinda ni marufuku, lakini huku bondeni Wahadzabe bado huwinda kwa upinde na mshale. Wahunzi wa Kidatoga huwafulia vyembe vya mishale, nao hulipa kwa asali na nyama.

Kiwanda tulichokifikia kilikuwa uani, chini ya mti. Palikuwa na shimo dogo la makaa, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, kipande kizito cha chuma kilichotumika kama fuawe, nyundo, koleo na tupa. Pembeni kulikuwa na rundo la vyuma chakavu: nondo, misumari, springi za gari, na kufuli na koki za shaba zinazoyeyushwa kuwa bangili. Tulimwamkia mzee mwenye kiwanda, na kijana wa kijiji akatufasiria. Nilieleza haja yangu. Akataja bei. Nikaipunguza, akakubali, nikaipunguza tena hadi nusu, akanyamaza kidogo, akakubali. Nilijiona hodari.

Alichagua kipande cha springi. Kijana wake akaanza kuvuta mivukuto kwa zamu, mkono huu na huu, na makaa yakawaka. Chuma kilipokuwa chekundu alikitoa na kukigonga. Kilipofifia alikirudisha motoni. Hakugonga chuma kilichopoa hata mara moja. Umbo la kisu lilipokamilika alikipasha moto tena, akakitumbukiza majini. Tukasikia mlio mwembamba. Mzee akakiinua, akakigeuza mbele ya jua, akakitupa kwenye rundo la vyuma chakavu.

"Anasema kina ufa," alisema mkalimani.

Mwanangu alikiokota. Tulikitazama kwa muda mrefu kabla ya kuuona ufa wenyewe, mwembamba kama unywele. Lau angekitia mpini na kutukabidhi, tungelipa na kuondoka tukishukuru. Akachukua kipande kingine na kuanza upya, bila kuongeza neno juu ya bei.

Adhuhuri iliingia, tukaswali kandoni, nyundo ikilia. Safari hii alikizamisha kisu kwenye oili chafu badala ya maji, kwa kuwa mafuta hukipoza chuma polepole zaidi na kupunguza hatari ya ufa. Kisha akakipasha kidogo tu, mpaka uso wake ukawa na rangi ya majani makavu. Chuma kisichopitia hatua hii huwa kigumu lakini hukatika upesi. Baadaye ikaja tupa, halafu jiwe na maji, halafu mpini wa mti.

Mwanangu aliniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, kisu alichokifua asiyekuwa Muislamu kinafaa kwa udhiya?" Nilimjibu kwamba katika hadithi ya Rafi' bin Khadij (RA) Mtume (SAW) ametaja chombo kinachomwaga damu na jina la Allah kutajwa, akakataza jino na kucha. Dini ya mhunzi hakuitaja. Nikamkumbusha pia Khabbab bin al-Aratt (RA), sahaba aliyekuwa mhunzi wa panga Makka. Al-As bin Wail alikataa kumlipa haki yake mpaka amkufuru Muhammad (SAW), na kwa sababu ya kisa hicho zikateremka aya katika Surat Maryam.

Nilipokuwa nikisimulia hayo, niliona kwamba nimejihukumu mwenyewe. Mzee huyu alikuwa amefua visu viwili kwa nusu ya bei ya kimoja. Nikamlipa bei aliyoitaja mwanzo. Alizihesabu pesa, akanitazama, akacheka na kuongeza ala ya ngozi.

Jamaa wameniuliza tumewezaje kufika Karatu bila kuiona Kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha takribani mita 600. Tutaiona siku nyingine, inshaallah. Kwa safari hii tulirudi na kisu, na kazi ya kukitunza amekabidhiwa mwanangu: hukiosha, hukikausha, hukipaka mafuta ya kula kisishike kutu.

Ndugu msomaji, usingoje asubuhi ya Idd. Kinoe kisu siku chache kabla, ukijaribu kwenye karatasi, kikikwama, bado. Usikinoe mbele ya mnyama, wala usimchinje mmoja mbele ya mwingine. Na ukimpata fundi mwaminifu, mlipe anachostahiki, kwani ihsani tuliyoamrishwa inamhusu na yeye pia.

Allah atutakabalie udhiya zetu. Amin.